Mstari Mmoja wa Kamusi

Ukitaka kujua kama kamusi ya shule inatumika au imewekwa kabatini kungojea siku ya mkaguzi, usimuulize mtu. Ifunge, igeuze, itazame upande ule kurasa zinakofungukia. Kamusi inayofanya kazi ina weusi wa vidole mahali pamoja, karibu na katikati, na ukiingiza ukucha hapo na kufungua utajikuta kwenye M. Nimeliona hilo katika shule za huku kwetu Musoma Vijijini, na nimeliona kwenye kamusi zilizotumika zinazouzwa kando ya barabara Dar es Salaam. Mtoto wa Murangi na mtoto wa Kariakoo wanachafua kurasa zilezile.

M ni nene kwa sababu Kiswahili chenyewe kinapenda kuanzia hapo: mtu, mti, maji, mkono, mwezi, mvua. Lakini unene huo umeongezwa na uamuzi wa mafundi, na uamuzi wenyewe unastahili sifa. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939 na kutumiwa na vizazi kadhaa, mara nyingi iliyakusanya maneno yaliyozaliwa na kitenzi chini ya kitenzi hicho. Kumpata msomaji ulianzia kwenye soma. Kumpata mvuvi ulianzia kwenye vua. Kwa mtaalamu wa lugha mpango huo ni wa kupendeza mno, maana ukoo mzima unaonekana kwa mtazamo mmoja. Kwa mtoto wa darasa la tano ni mtego. Anatakiwa ajue neno limetoka wapi kabla hajaruhusiwa kuuliza maana yake.

Wahariri wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI, na kuchapishwa na Oxford University Press mwaka 1981, waliutawanya ukoo. Msomaji akahamia M, usomaji ukaenda U, kisomo kikaenda K, soma ikabaki peke yake kwenye S na minyambuliko yake. Gharama yake ni karatasi, na kulazimika kueleza jambo linalokaribiana mara tatu au nne. Faida yake ni kwamba mtoto analitafuta neno kama alivyolisikia.

Ama niseme, karibu na alivyolisikia. Wingi hawakuuhamisha. Nyavu hazipo kwenye N. Ziko W, kwenye wavu. Meno yako J. Ndimi ziko U. Na kitenzi kikija kimejaa viambishi kama kinavyokuja kila siku, tuseme "walivyoanikwa", msomaji lazima akipukutishe mpaka ibaki anika, ndipo aanze kutafuta. Hapo kamusi inamdai mtu sarufi kidogo, na mwalimu anayejua kazi yake hutumia kipindi kizima kwa zoezi hilo tu: anaandika ubaoni maneno kumi yenye viambishi, anagawa kamusi chache zilizopo, anawaacha wanafunzi wagombanie kurasa. Kelele za kipindi hicho ni kelele nzuri.

Nasema haya kama mtu wa ziwani, na uziwani huo una maana katika jambo hili. Kwenye mwambao huu mtoto anazaliwa ndani ya Kijita, Kiruri au Kikwaya. Ukielekea Butiama ni Kizanaki. Kiswahili anakikuta dukani, kanisani, kwenye redio, na zaidi ya yote shuleni. Mtoto wa Pangani akitaka kujua kama aseme "dagaa hizi" au "dagaa hawa", sikio lake lina kumbukumbu ya nyumbani, hata kama kumbukumbu hiyo nayo ina mabishano yake. Sikio letu limejaa lugha nyingine. Kwa hiyo yale mabano madogo yanayofuata nomino, [a-/wa-], [u-/i-], [li-/ya-], [i-/zi-], ambayo msomaji wa pwani anayaruka bila kuyaona, kwetu ndiyo bibi wa pwani ambaye hatukuwa naye.

Na mabano yale hayamtishi mtoto wa huku, kwa sababu ngeli anazijua tangu kuzaliwa. Mmoja ni omujita, wengi ni abhajita. Akiona m- na wa- anaona jambo analolijua limevaa nguo nyingine. Nadhani ndiyo maana watu wa maeneo haya, wakishakikamata Kiswahili, hukishika kwa sarufi imara kuliko wanavyosifiwa. Mfano mkubwa uko jirani. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 katika Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka kumi na miwili, na baadaye akawatafsiri Wajulius na Washailoki wa Shakespeare. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963. Mwaka 1969 ilitoka tena ikiwa imepitiwa upya, hata jina la kitabu limebadilika kuwa Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo wakatoka Mabepari wa Venisi. Rais wa nchi, mwenye mambo yote yaliyokuwa mezani kwake, alirudi kwenye maneno yake mwenyewe akayakagua moja moja. Hiyo ni tabia ya mtunga kamusi, hata kama yeye hakutunga kamusi.

Sasa tukae kwenye mstari mmoja. Watu wengi wanadhani kazi ya kamusi ni kukusanya maneno. Kukusanya ni jasho. Ufundi unaanzia kwenye fasili, ile sentensi fupi isiyo na jina la mwandishi inayosema kitu ni nini.

Chukua dagaa. Huku kwetu dagaa ni kazi ya usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Boti zinatoka jioni, taa zinawashwa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za sola, dagaa wanaufuata mwanga na wavu unawangoja chini. Asubuhi wanamwagwa mchangani, juu ya nyavu chakavu au juu ya majabali ambayo mwambao wa Musoma umebarikiwa nayo, na akina mama wanawageuza huku jicho moja liko mawinguni, maana mvua ya saa moja inatosha kugeuza chakula cha binadamu kuwa chakula cha kuku. Mwambie mtu yeyote wa hapa akupe maana ya dagaa. Ataanza na ziwa, ataendelea na taa, atamalizia na bei ya ndoo.

Fundi wa kamusi hana ruhusa ya kuanza na ziwa. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambaye wanasayansi wanamwita Rastrineobola argentea, si ndugu wa karibu wa dagaa wa Kigoma. Wale wa Ziwa Tanganyika ni jamii ya sardini, wana udugu na samaki wa baharini kuliko walivyo nao na huyu wetu. Na dagaa wa Mafia na Unguja ni wengine tena, tena wa aina zaidi ya moja. Neno ni moja, sokoni wanakaa kwenye magunia yanayofanana, lakini mwenye elimu ya samaki akiulizwa atasema ni familia tofauti. Fasili inatakiwa iwabebe wote bila kumdanganya hata mmoja.

Jaribu mwenyewe. "Samaki mdogo"? Furu naye ni mdogo, na mtoto wa sato naye ni mdogo. "Samaki mdogo wa ziwani"? Mtu wa Mafia ataifunga kamusi yako. "Samaki mdogo anayekaushwa"? Dagaa wabichi wanaliwa, tena wakikaangwa wabichi na ndimu, kwa maoni yangu hakuna kinachowazidi. Na samaki wengine wengi pia hukaushwa. Ukihangaika hivyo kwa muda utafika kwenye maneno mawili ambayo bila hayo mstari wote unavuja: "hata akikomaa". Samaki ambaye hata akikomaa hubaki mdogo sana. Maneno hayo mawili yanamtenga dagaa na kifaranga cha kila samaki mwingine ziwani na baharini. Baada ya hapo unaweza kusema huvuliwa kwa wingi, na ukitaka kutaja kuanikwa, unaweka mbele yake kifupisho ambacho nadhani ndicho kipande cha wino chenye busara kuliko vyote katika kamusi zetu: agh.

Agh. ni aghalabu. Herufi tatu na nukta. Humruhusu mtunga kamusi kusema lililo kweli mara nyingi bila kuapa kwamba ni kweli siku zote. Aghalabu huanikwa. Aghalabu huvuliwa usiku. Ondoa kifupisho hicho katika kamusi nzima na utapata kitabu chenye uhakika zaidi na ukweli mchache. Kikizidi nacho ni uvivu. Fundi anayeweka agh. kila mahali amekataa kuamua. Kupima pa kukiweka na pa kukinyima ni kazi ya mtu aliyekaa na neno muda mrefu.

Sangara ana shida nyingine. Huyu ni mgeni; alipandwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza furu wa aina nyingi; baadaye akajenga viwanda vya minofu mjini Musoma na Mwanza. Historia yote hiyo inavutia, nayo haina nafasi katika mstari wa kamusi. Kinachotakiwa ni: samaki mkubwa wa maji baridi, mwenye magamba, nyama nyeupe. Halafu mtoto wa Murangi anasoma "maji baridi", anakumbuka ziwa la saa nane mchana lilivyo vuguvugu, anashangaa. Kwa watu wa elimu ya samaki maji baridi ni maji yasiyo ya chumvi, kinyume cha bahari. Kwa mtoto ni maji ya mtungini. Mhariri mwangalifu analiona hilo na ama anabadili maneno ama anahakikisha kwamba ukienda kwenye "maji", "maji baridi" yanakungoja huko yakiwa na maana zote mbili. Kamusi nzuri hulipa madeni yake yenyewe: neno lililotumika kueleza lingine nalo lieleweke likitafutwa. Kamusi mbaya humzungusha mtu. Heri ni baraka, unakwenda kwenye baraka, unaambiwa ni heri, na umebaki na njaa yako.

Na kokoro je? Kila mtu hapa anaujua wavu huo wa kuburuta mpaka ufukweni, na kila mtu anajua ni zana iliyopigwa marufuku, maana boti za doria hazikosi. Je, fasili itaje marufuku? Ningekuwa mezani ningesema hapana. Sheria ina vitabu vyake na hubadilika. Kamusi iseme kokoro ni wavu wa namna gani na unavutwa vipi. Najua wapo wahariri watakaobishana nami, na ubishi wa namna hiyo, watu wazima wanne wakitumia asubuhi nzima kwa ajili ya wavu, ndio ninaouona kila ninaposoma mstari uliokaa vizuri.

Vitenzi vina taabu yao, na taabu kuu inaitwa piga. Unapiga mpira, unapiga simu, unapiga pasi, unapiga deki, unapiga kura, unapiga picha, unapiga mswaki, unapiga kelele, unapiga kambi, na kitabu chenyewe kinapigwa chapa. Katika orodha hiyo ni mpira peke yake unaopata kipigo. Mtunga kamusi aanzie wapi? Akianza na kugonga kwa mkono au kwa kitu, atakuwa ameeleza sehemu ndogo ya maisha ya neno hilo. Akisema ni kufanya kitendo fulani kwa kutumia kitu fulani, amesema kweli na hajasema lolote. Njia iliyozoeleka ni kuitanguliza maana ya kugonga, kisha kupanga misemo mmoja mmoja, kila mmoja na maelezo yake, msomaji apite na kidole. Inachukua nafasi kubwa, na inafaa. Mgeni wa lugha anayetafuta piga mara nyingi hatafuti kugonga. Amekutana na deki.

Kitenzi pia hubeba ukoo wake kwa ufupi. Matoleo ya karibuni ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu yanaonyesha, kwa vifupisho vidogo mwishoni mwa kidahizo, kauli ambazo kitenzi kinakubali: ya kutendea, ya kutendeka, ya kutendana, ya kutendesha, ya kutendwa. Si kila kitenzi kinakubali kila kauli, na kukataa huko nako ni habari. Mtu aliyezoea anasoma mstari huo mmoja na kutoka na maneno sita.

Kiboko nacho ninakipenda. Kuna kiboko wa ziwani, anayekuja usiku kula mihogo ya watu, na kuna kiboko cha mwalimu. Watoto wa huku wanawajua wote wawili vizuri. Mjeledi ulipata jina lake kwa mnyama, kwa kuwa ulikatwa kwenye ngozi yake; lakini mnyama ni [a-/wa-] na fimbo ni [ki-/vi-], mmoja ana miguu minne na mwingine hana. Kwa hiyo kamusi huvigawa vidahizo viwili na kuvipa namba ndogo begani. Namba ile inamaanisha mtu alijiuliza: hili ni neno moja lenye maana mbili, au ni maneno mawili yaliyokutana kwenye tahajia? Swali hilo limeulizwa kwa paa, kwa kaa, kwa tembo, kwa mbuzi ya kukunia nazi, kwa kila neno la aina hiyo tangu A mpaka Z.

Mafundi hawa walitoka wapi? Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ili kusanifisha Kiswahili cha vitabu vya shule. Johnson, aliyekuwa katibu wake, alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935. Kamati ilihamahama, Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Mombasa, ikarudi Dar es Salaam, ikaingia Chuo Kikuu mwaka 1964, ikawa TUKI mwaka 1970, na tangu 2009 ni sehemu ya TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Miongoni mwa wataalamu wake alikuwepo Profesa David Massamba, ambaye tasnifu yake ya udaktari ilihusu toni ya Ciruri, lugha ya mwambao huu wetu, na ambaye mwaka 2004 alitoa Kamusi ya Isimu na Falsafa ya Lugha. Mtu aliyekaa miaka akisikiliza jinsi neno la Kiruri linavyopanda na kushuka hawezi kuwa mzembe na neno la Kiswahili.

Na Musoma ina mkono wake katika habari hii, mkono ambao vitabu vya historia ya uchapishaji huupita haraka. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma, ikatoka na azimio kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe shuleni. Azimio la Musoma lilijaza madarasa kwa kishindo. Madarasa yakijaa yanadai vitabu, na vitabu vinadai karatasi, ambayo nchi ilikuwa haina ya kutosha. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilikuja kuanza mwaka 1985. Katikati ya hapo vikapita Vita vya Kagera na ile miaka ya foleni za sukari na sabuni. Kamusi ya 1981 ilitoka katika hali hiyo. Nikiishika nakala ya toleo lile la kwanza, jembamba kuliko wadogo zake waliolifuata, naona kazi ya watu waliokuwa wanaandika fasili huku maduka yakiwa matupu.

Kabla yake, upande huu wa ziwa ulikuwa umepita katika shule nyingine ya uandishi. Kati ya 1968 na 1972 UNESCO na serikali waliendesha mradi wa kisomo cha watu wazima katika mikoa ya ziwa, Mara ikiwemo, makao yake yakiwa Mwanza. Vitabu vyake vilitungwa kwa kufuata kazi za watu: pamba, uvuvi, ng'ombe, migomba. Nawaheshimu sana waandishi wale, kwa sababu msomaji wao alikuwa mgumu kuliko mwanafunzi yeyote. Mzee wa Bunda aliyelima pamba miaka thelathini anaijua pamba kuliko mtu aliyeandika kitabu. Asichokijua ni herufi p. Ukimwandikia upuuzi kuhusu pamba atafunga kitabu na kurudi nyumbani, na amefanya vema. Mwandishi alilazimika kuwa sahihi shambani na kuwa mwepesi ukurasani, vyote katika sentensi ya maneno manne. Mwaka 1974 likafuata gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Mwanza kwa ajili ya watu waliokwisha kujua kusoma na hawana cha kusoma. Kitaifa, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa 67 katika kila 100 mwaka 1967; mtihani wa kisomo wa Agosti 1975 uliwakuta ni 39.

Msomaji wa kamusi amegeuzwa kinyume cha mzee yule. Yeye herufi anazijua, kitu ndicho asichokijua. Lakini nidhamu ya uandishi ni ileile, na si ajabu kwamba nchi iliyowazoeza watu wake kuandika juu ya pamba kwa maneno manne ilipata watu wa kuandika fasili.

Mwili wa kitabu nao ni ufundi. Riwaya husomwa mara moja ikapumzika. Kamusi ya maktaba hufunguliwa mara nyingi kwa siku, kwa haraka, na mtu aliyesimama, maana kitabu cha rejea hakiazimwi. Unakitazama palepale na kukirudisha. Anayekifungua hukikandamiza kwa kiganja ili kilale. Kama kurasa zimebandikwa kwa gundi tu mgongoni, gundi itapasuka, na unajua itapasukia wapi: kwenye M. Kitabu kilichojalidiwa vizuri kimeanza na karatasi kubwa zilizokunjwa kuwa vifungu, kila kifungu kikashonwa kwa uzi kupitia mkunjo wake, vifungu vikafungamanishwa, mgongo ukawekwa kitambaa chepesi na gundi, ndipo jalada gumu likavishwa. Kitabu cha namna hiyo kinalala chali mezani bila kushikwa. Kitazame juu ya mgongo: ukiona mikunjo midogo iliyojipanga, kimeshonwa, ukiona karatasi zimekatwa sawasawa kama kuta, ni gundi, na shule ijiandae.

Huku vijijini shule hujiandaa kweli. Nimeona kamusi iliyotobolewa pembeni kwa msumari na kushonwa upya kwa uzi wa nyavu, ule wa nailoni usiooza, na jalada la boksi lililobandikwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Mishono ilikuwa ya kivuvi kabisa, fundo kwa fundo. Ilikula kidogo ya ukingo wa ndani wa kila ukurasa, hivyo herufi za mwanzo za safu moja ilibidi zichunguliwe, ila haikudondosha hata karatasi moja. Mende na panya hupenda gundi ile ya muhogo. Mwalimu alikuwa ameikoleza kwa mafuta ya taa, na kamusi nzima ilinukia taa ya chemli. Ninaamini waliotunga kitabu kile wangefurahi kukiona kuliko kuona nakala safi.

Siku hizi kamusi zimeongezeka. BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, lilitoa yake mwaka 2010. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wakatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015 kupitia Longhorn. Shule yenye bahati inaweza kuwa nazo zote kwenye rafu moja, na hapo mwanafunzi mwenye macho ataona jambo kabla hajafungua hata ukurasa. La BAKIZA linaitwa Kamusi la Kiswahili Fasaha. Ya BAKITA, na ya TUKI kabla yake, ni kamusi ya. Vyombo viwili vya kulinda lugha, vyenye wataalamu waliobobea, vimetofautiana juu ya ngeli ya kamusi, tena kwenye jalada, kwa herufi kubwa. Zanzibar wanasema kamusi hili, makamusi haya. Bara tunasema kamusi hii, kamusi hizi. Kila upande ulijua upande wa pili unasemaje, na kila upande ukaandika inavyosemwa kwao. Mwanafunzi akiuliza, "Sasa Mwalimu, ipi ni sahihi?" jibu ninalolipenda nililisikia kwa mwalimu mmoja wa huku, mtu wa chaki mkononi na saa ukutani: "Kwenye mtihani andika ya. Ukienda Unguja kununua, omba lile pale juu, watakupa."